Nukta Inayotembea: Majibu kwa Wanaotaka Kupima Asteroidi

Barua tano za mwezi huu zinazungukia jambo moja, basi nimezipa safu nzima. Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza: nilikuwa mpima ardhi kwa miaka 31. Nilipostaafu nilihamia shambani kwangu penye zabibu, njia ya Bahi, nje ya Dodoma. Hapo nina darubini ya kioo cha milimita 200, kamera isiyo ya rangi, na laptopu ya zamani. Usiku usio na mawingu napima mahali zilipo asteroidi na kupeleka vipimo vyangu. Ni kazi ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kufanya, kwa hiyo mtanivumilia jibu likirefuka.

*Shikamoo Mzee. Hivi asteroidi ndiyo kimondo? Kila mtu anasema lake. – Msomaji, Kahama*

Marahaba. Asteroidi ni jiwe, au chuma, linalolizunguka Jua kama sayari zinavyolizunguka. Nyingi zinakaa kati ya Mirihi na Mshtarii. Kipande kikiingia kwenye hewa yetu na kuwaka, huo mwanga ndio kimondo. Kikifika chini kabla hakijaisha, sisi huendelea kukiita kimondo, kama kile cha Mbozi: zaidi ya tani kumi za chuma, kimelala hapo tangu enzi ambazo hakuna babu anayezikumbuka. Ukipita Mbozi kishike kwa mkono. Umeshika asteroidi.

*Mzee, salaam. Nafundisha fizikia sekondari. Shule yetu ilipewa darubini ya kioo cha milimita 150 yenye stendi ya mota, na tumenunua kamera ndogo ya kuchomeka. Vijana wameshazitazama pete za Zohali wakatosheka. Je, tunaweza kupima asteroidi kwa namna ambayo wataalamu watavitumia vipimo vyetu, au ni mchezo tu? Tuanzie wapi? – Mwalimu, Songea*

Mwalimu, si mchezo. Wa kuvitumia yupo: Minor Planet Center, kituo kilichoko Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani. Kwa niaba ya umoja wa wanaastronomia duniani, kituo hicho hupokea vipimo vya asteroidi kutoka kwa kila anayepima, awe na kioo cha mita 8 au cha milimita 150. Hawaulizi shahada. Wanauliza mambo matatu: ulisimama wapi, ilikuwa saa ngapi, na nukta ilikuwa sehemu gani ya anga.

Hilo la tatu linatisha watu, kumbe ndilo jepesi. Nilieleze kwa lugha ya kazi yangu. Ukitaka kujua mahali hasa palipo kisima cha kijiji, unatafuta bikoni za karibu ambazo mahali pake panajulikana, unakipima kisima kutokea hapo. Angani bikoni ni nyota. Setilaiti ya Gaia ya shirika la anga la Ulaya, iliyorushwa Desemba 2013, imetuachia orodha ya nyota zaidi ya bilioni 1.8. Picha yenu moja itakuwa na makumi ya nyota hizo, pengine mamia. Programu inazitambua, inatandaza gridi juu yake, kisha inakwambia nukta yako iko wapi. Mimi natumia Astrometrica, iliyoandikwa na Herbert Raab wa Austria, nayo inakwenda hata kwenye laptopu iliyochoka. Miaka 31 nilihangaika na bikoni zilizong'olewa, zilizosogezwa, zilizozikwa chini ya ukuta wa mtu. Sikuwahi kupata bikoni nzuri kama hizi za angani.

Picha moja peke yake haiwapi kitu, maana asteroidi inafanana na nyota nukta kwa nukta. Pigeni picha, ngojeni dakika 20, pigeni tena, ngojeni, pigeni ya tatu. Kisha zipangeni moja juu ya nyingine na mzibadilishe haraka haraka kwenye skrini. Nyota zote zinatulia. Nukta moja inaruka: hapa, hapa, hapa. Mara ya kwanza nilipoiona yangu ikiruka nilimwamsha mke wangu saa saba usiku. Alikuja amejifunga kanga mbili kwa ajili ya baridi, akaitazama kimya, nikairudisha, akaitazama tena. Akasema, "Kumbe inakwenda kweli."

Inakwenda, ila polepole. Digrii moja ina dakika 60, na kila dakika ina sekunde 60 za pembe. Sekunde moja ni kama upana wa sarafu ukiitazama kutoka kilomita tano. Asteroidi ya kawaida, ikiwa upande wa anga ulio mkabala na Jua, huhama kama nusu sekunde ya pembe kwa kila dakika ya saa. Kwa mwendo huo itahitaji siku mbili na nusu hivi kuvuka upana wa Mwezi.

Sasa mambo ya huku kwetu, ambayo vijitabu vinavyokuja na darubini huwa havigusi. Stendi ya mota ya aina mliyo nayo, kama ni ile inayolengwa kwenye ncha ya anga (pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka), imetengenezwa kwa watu ambao ncha yao iko juu vichwani. Songea ncha ya kusini iko digrii kama 11 tu juu ya upeo, nyuma ya miti na moshi wa kuni. Skrubu ya stendi nyingi hugoma kabla ya kufika huko chini. Yangu iligoma kwenye digrii 15 nami nahitaji 6. Fundi wa kuchomelea wa hapa alinikatia kabari ya bamba la chuma, tukaifunga kwa bolti mbili chini ya kichwa cha stendi, na haijasumbua tena. Angalieni pia fimbo ya uzito isije ikagonga mguu wa stendi. Ikilala hivyo hugonga. Kabari ikishindikana, pigeni picha fupi fupi za sekunde 10 na kuziunganisha kwenye kompyuta. Umeme wa ukutani msiutegemee, tumieni betri ya gari.

Kwa upande mwingine tumependelewa. Njia ambayo Jua na sayari hupita inakatiza karibu na utosi wetu, na asteroidi nyingi hufuata njia hiyo hiyo, kwa hiyo tunazipima zikiwa juu, mbali na vumbi la upeo. Na usiku wetu ni wa karibu saa 12 mwaka mzima. Rafiki yangu mmoja aliyeko Uswidi hukunja darubini yake kuanzia Mei hadi Agosti kwa sababu giza haliji.

Kinachoharibu kazi ya wengi ni saa. Msimu wangu wa kwanza vipimo vyote vilitoka na kosa la upande mmoja. Mpima yeyote anaijua dalili hii: makosa yakitawanyika huku na huku ni ya mkono, yakielemea upande mmoja kuna kitu kimepinda. Nukta zangu zilikuwa mbele ya pale zilipotakiwa, karibu sekunde moja ya pembe, kila usiku, kwa kila asteroidi. Wiki mbili nilikifungua kioo, nikakifunga, nikaishuku kamera. Mwishowe niliweka redio pembeni ya laptopu. Redio ikapiga saa mbili kamili. Laptopu ikasema saa moja na dakika 58. Kibetri cha ndani kinachoshika saa kilikuwa kimekufa, na kule shambani hakuna intaneti ya kuirekebisha. Dakika mbili za saa ni sekunde moja ya pembe. Ndiyo hiyo. Siku hizi natumia kipokezi cha GPS kilichochomekwa kwenye laptopu, na naangalia saa kabla sijaangalia anga.

Kisha kuna muda wa kuandika. Ripoti inataka muda wa dunia, UTC, ambao ni wa kwetu toa saa 3. Nasi tuna hesabu yetu ya mdomoni juu ya huo. Saa mbili usiku ni 20:00 ya Afrika Mashariki, na ni 17:00 UTC. Saa nane usiku wa kuamkia Jumanne ni 23:00 ya Jumatatu. Mwanafunzi ataandika tarehe ya Jumanne bila kufikiri, na kipimo kizuri kitakwenda na maji. Bandikeni jedwali ukutani. Muda unaoandikwa ni wa katikati ya picha, si wa kubonyeza kitufe.

Na mahali mliposimama msipachukue kwenye ramani za zamani zilizochorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia ardhi wa Afrika Mashariki. Nilizitumia ramani hizo nusu ya maisha yangu, ni nzuri, lakini ukilinganisha na GPS zinakupeleka pembeni kama mita 300. Kwa asteroidi ya mbali huwezi kuona tofauti. Kwa ile inayopita karibu na Dunia itaonekana wazi.

Basi, chagueni asteroidi ambazo tayari zina namba rasmi, zenye magnitudi 13 hadi 15 (ndicho kipimo cha mng'ao; namba ikikua, mwanga unapungua). Pimeni kadhaa, kila moja mara tatu hadi tano kwa usiku, kwa usiku mbili. Njia zake zinajulikana, kwa hiyo mtaweza kujisahihisha wenyewe kabla hamjatuma. Tofauti zikibaki ndani ya sekunde moja ya pembe, na hazielemei upande, tumeni. Kituo kikiridhika kitawapa msimbo wenu wa tarakimu na herufi tatu, na kuanzia hapo uwanja wa shule yenu utakuwa kituo cha kupimia.

Wasimulieni vijana habari za Ceres, asteroidi ya kwanza kugunduliwa, ambayo mwanzoni iliitwa sayari. Giuseppe Piazzi aliiona akiwa Palermo, Italia, tarehe 1 Januari 1801, akaifuata hadi Februari, kisha ikajificha kwenye mwanga wa Jua. Hakuna aliyejua itatokea wapi. Kijana wa miaka 24, Carl Friedrich Gauss, alikaa na vile vipimo vichache vya Piazzi akakokotoa njia yake, na mwisho wa mwaka ule ule ikaonekana karibu na pale alipoonyesha. Baadaye Gauss alipima ardhi ya Hannover. Njia yake ya kusawazisha makosa ya vipimo ndiyo niliyoitumia kila siku kazini, nikigawa viwanja. Niliposoma kwamba iliwahi kurudisha sayari iliyopotea, nilikaa kimya muda mrefu.

*Shikamoo Babu. Nina miaka 17, nasoma Mombasa, sina darubini na sitaipata karibuni. Naweza kugundua asteroidi? – Binti wa Kisauni*

Marahaba mjukuu wangu. Kuona, unaweza mwaka huu huu. Azima darubini ndogo ya macho mawili, ya wavuvi au ya watembeza watalii. Asteroidi iitwayo Vesta, ambayo Mjerumani Olbers aliigundua tarehe 29 Machi 1807, ina upana wa kilomita 525, na ikija karibu inang'aa kiasi kwamba mwenye macho mazuri kwenye giza totoro huipata bila chombo. Ichore pamoja na nyota zilizoizunguka kwenye daftari, rudia usiku wa tatu na wa sita. Ile iliyohama ndiyo yenyewe.

Kugundua nako kuna mlango. Mpango uitwao International Astronomical Search Collaboration, ulioanzishwa Texas na Patrick Miller wa chuo cha Hardin-Simmons, huwagawia wanafunzi wa nchi mbalimbali picha za darubini ya Pan-STARRS iliyoko Hawaii. Hakuna malipo. Mnahitaji kikundi, mwalimu na kompyuta, na kazi ni ile ile niliyomweleza Mwalimu wa Songea: kutafuta nukta inayoruka. Mkikuta mpya, itachukua miaka kuthibitishwa. Subira hiyo ni sehemu ya kazi.

Siku ukipata lenzi yako mwenyewe, hewa ya pwani itailetea ukungu. Ihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

*Assalamu alaykum. Nimesoma kwamba darubini mpya ya Rubin huko Chile, kwenye picha zake za kwanza Juni 2025, ilitangaza asteroidi mpya 2,104 kutoka saa kama kumi tu za kutazama. Mimi nina darubini nzuri hapa Muscat, lakini najiuliza kama bado kuna haja ya mtu kukesha uani. – Msomaji, Muscat*

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Swali lako ni la haki. Kugundua, kwa sehemu kubwa, kumekwenda zake. Lakini darubini ile inaona na kusonga mbele, maana ina anga zima la kusini la kumaliza. Kilichoonekana leo lazima kifuatwe kesho kutoka mahali ambapo ni usiku na hakuna mawingu, na mashine moja mlimani Chile haiwezi kuwa kila upande wa Dunia.

Nikupe mfano wa jirani zetu. Tarehe 6 Oktoba 2008, Richard Kowalski, akiwa Arizona, aliona jiwe dogo, kama mita 4 hivi, lililopewa jina 2008 TC3. Hesabu ikaonyesha litaigonga Dunia kabla ya saa 24 kwisha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu kujua kabla. Wapimaji wa nchi nyingi, wenye vyeo na wasio na vyeo, wakalielekezea vioo na kutuma mamia ya vipimo, na kila kipimo kikabana eneo la kuangukia. Lilipasuka alfajiri juu ya jangwa la Nubia, Sudan. Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum pamoja na Peter Jenniskens wakawapanga wanafunzi mstari mrefu, wakatembea jangwani wakiangalia chini, hadi wakaviokota vipande. Mawe yale yanaitwa Almahata Sitta, kwa jina la kituo cha reli kilicho karibu. Wewe unakijua Kiarabu, na wa Songea hahitaji kukijua: ni Kituo cha Sita.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Chombo cha anga cha Marekani, DART, kilipojigongesha kwa makusudi kwenye asteroidi ndogo ya Dimorphos, saa za Marekani zilisema 26 Septemba 2022. Kwetu ilikuwa saa nane na dakika 14 usiku wa kuamkia tarehe 27. Ndiyo saa ambayo asteroidi ile ilikuwa juu ya upande wetu wa Dunia. Kati ya darubini za watu wa kawaida zilizonasa mgongano wenyewe, tatu zilikuwa kisiwani Réunion na moja Nairobi. Ziliona mwanga ukipanda ghafla karibu mara nane, na vipimo vyake vikaingia kwenye jarida la Nature. Wenye mitambo mikubwa mahali ambapo kulikuwa mchana hawakuwa na la kufanya.

Kisha kuna kipimo kinachodai kukaa na asteroidi moja usiku kucha. Mimi nilikaa na Eros. Kila dakika mbili picha, kila picha unapima mwanga wake ukiulinganisha na nyota za jirani ambazo hazibadiliki. Saa ya kwanza ilikuwa inafifia. Nikadhani ni umande kwenye kioo, nikakipangusa kwa upepo wa feni; ikaendelea kufifia huku jirani zake wako vilevile. Ikafika chini, ikaanza kupanda, ikashuka tena, ikapanda tena. Milima miwili na mabonde mawili kwenye karatasi, kisha mchoro ukaanza kujirudia. Ni jiwe refu, kilomita kama 34 kwa 11, linajipindua: likikupa ubavu linang'aa, likikupa kichwa linafifia. Mzunguko wangu ulitoka saa 5 na dakika 17. Vyombo vya anga vimeupima kuwa saa 5 na dakika 16. Nilijua umbo la kitu ambacho kwenye skrini yangu hakikuwahi kuwa zaidi ya nukta, na nilikijua kwa mkono wangu.

Wewe una jangwa nyuma ya nyumba, ndugu yangu, na anga kavu ambayo sisi tunaipata miezi michache tu. Kesha.

*Shikamoo Mzee. Mwanangu ameona video kwenye simu inayosema asteroidi ya Apophis itaipiga Dunia 2029. Halali vizuri. Nimwambie nini? – Mama, Mbeya*

Marahaba mama. Mwambie haitaipiga, na mwambie tunajuaje, maana mtoto akinyimwa sababu huendelea kuogopa. Ilipogunduliwa Juni 2004 vipimo vilikuwa vichache, na Desemba ya mwaka ule hesabu ilifika asilimia 2.7 ya kugonga. Watu wakatafuta picha za nyuma, wakapima zaidi, na 2029 ikafutwa kabla mwezi huo haujaisha. Machi 2021 vipimo vya rada viliondoa hatari yoyote kwa angalau miaka 100. Video hizo zinaishi kwa kutumia namba ya Desemba 2004.

Itakachofanya ni kupita, Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029. Itakuwa karibu zaidi saa sita na dakika 46 usiku wetu wa kuamkia Jumamosi, ikiwa kama kilomita 32,000 kutoka ardhini, chini ya setilaiti zinazoleta picha kwenye madishi ya televisheni. Usiku huo hakuna mbalamwezi. Afrika ni kati ya mahali pazuri pa kuiona: baada ya giza kuingia itaonekana kama nyota ya kawaida, isiyo na mkia wala moto, ila inatembea huku unaitazama, ikielekea magharibi. Kwa macho tu.

Mimi nitakuwa naipima, na zile mita 300 za ramani ya Arc 1960 zingenipotosha karibu sekunde mbili za pembe usiku huo, kwa hiyo nguzo ya darubini nimeshaipima upya kwa GPS mara tatu.

Aprili kwenu Mbeya mawingu ni mengi. Huku njia ya Bahi mvua mara nyingi huwa zinakaribia kuisha. Mlete kijana. Geti litakuwa wazi tangu saa kumi na mbili jioni. Aje na sweta na daftari, nami nitampa kazi ya kusoma saa.